Kipa Asiyesimama Golini

Kwenye timu yetu ya wazee hapa Lewisville, Texas, kila mtu ana nafasi anayoipigania. Huyu hataki beki, yule hakubali kutolewa hata akiwa anatapika. Kipa peke yake hakuwahi kutusumbua. Mweke winga, atakimbia. Mweke beki ya kushoto, atakwenda huko apigwe chenga na watu wenye vitambi, asiseme neno. Jambo moja tu alikataa, na alilikataa tangu siku ya kwanza mpaka juzi: kusimama golini.

Na huyo ndiye tuliyemwita Kipa. Kati yetu wote ni yeye tu aliyewahi kulipwa mshahara kwa kudaka mpira, tena Uingereza. Sisi wengine tulijifunzia mpira wa makaratasi kwenye kambi ya wakimbizi. Golini ikabidi tumweke fundi mmoja wa viyoyozi, mfupi, anayefumba macho mpira ukimjia. Kipa alikuwa akimtazama yule fundi akifungwa, uso umemkunjamana kama mtu mwenye jino bovu, na bado haendi.

"Kipa, ingia wewe bwana, tunaaibika."

"Mzee, nipe kazi nyingine yoyote. Hata kufua jezi nitafua."

Niseme mapema kwamba mimi shule niliishia darasa la nne, kambini Kigoma, na sioni haja ya kuficha. Nilifika Texas na koti lisilo langu. Nilianza kwa kudeki ofisi za watu. Leo wanaodeki nawaajiri mimi, na magari yangu ya kazi yana jina langu ubavuni. Anayetaka maneno ya kubembeleza atafute mwandishi mwingine. Huyu mtu nimemjua miaka mingi. Nilimpenda, na kwa muda mrefu nilimwonea aibu. Nitayasema yote mawili.

Tuanze na mikono yake, maana ndiyo iliyokuwa cheti chake. Ukimsalimia unahisi umeshika kifurushi cha kuni. Hakuna kidole kilichonyooka. Kile cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa kimegeukia pembeni kabisa, kama kinakuelekeza chooni. Watoto walipenda kukishika. Kwa mikono hiyo alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: kuwageuza, kuwaogesha, kuwasimamisha. Aliniambia mzee hatazamwi miguu, anatazamwa mabega. Mabega yakishaanza kwenda, miguu haina la kusema.

Siku moja kanisani mama mmoja wa kwaya alikosa ngazi. Sisi wote tulivuta pumzi ya kupiga kelele. Kabla hatujaitoa, Kipa alikuwa ameshamdaka, naye alikuwa amekaa mabenchi matatu nyuma. Watu wakapiga makofi, padri akatabasamu. Kipa akarudi kukaa ameinamisha kichwa, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Misa nzima hakuinua macho. Wakati ule sikumwelewa. Nilidhani ni unyenyekevu, na mimi unyenyekevu uliozidi haunipendezi.

Halafu kuna habari ya benchi.

Sisi tukisikia mtu alicheza Uingereza, tunaona wale wa Jumamosi asubuhi kwenye televisheni. Yeye alicheza daraja la nne, baadaye la tano, kwenye mji mdogo wa kaskazini ambao jina lake halijawahi kukaa kichwani mwangu. Uwanja ulipakana na kiwanda cha biskuti. Alisema ukifungwa pale unafungwa na harufu ya tangawizi, na mpaka leo biskuti za tangawizi haziwezi. Tena hata huko miaka mingi alikuwa kipa wa pili.

Mimi sikujua kipa wa pili ni kitu gani. Akanieleza. Mshambuliaji wa akiba anaweza kuingia wakati wowote, kocha akichoka na sura ya mwenzake. Kipa wa akiba anangoja mtu aumie. "Unakaa pale mzee, unaomba mwenzako asiumie," alisema, "na Mungu anajua unadanganya."

Benchi lilimwingia mwilini. Kwenye sherehe atakaa mwisho wa safu, karibu na mlango, koti amevaa, hata mwezi wa saba Texas inapotuchoma. Atakula wa mwisho. Kabla ya mechi atafika wa kwanza, amtafute yule fundi wetu wa viyoyozi, ampashe misuli. Atampigia mipira kulia, kushoto, ya chini, ya juu, taratibu, kama mama anayemlisha mtoto uji. Nikamwambia siku moja kwamba anajichosha bure kwa mtu anayefumba macho. Akasema hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake miaka yote: kumpasha mwingine moto, halafu kwenda kukaa.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa mtoto wala mzee. Jumamosi alifundisha watoto wetu kudaka, na mtoto akifungwa, hakuna mwenzake anayeruhusiwa kumfuatia mpira. "Aliyefungwa ndiye anayeokota," alisema. Hata ukivuka barabara. Hata ukiingia kwenye tope. Wazazi wengine walinung'unika. Mimi niliipenda sana sheria ile, nikaipeleka mpaka kwa wafanyakazi wangu: aliyemwaga ndiye anayedeki. Nilidhani ni yake.

Sasa nije kwenye Missouri City, kando ya Houston, maana pale ndipo nilipomwonea aibu kuliko kwingine kote.

Kila kiangazi tunashuka Houston kucheza na wenzetu wa kule, na jioni wanatufanyia karamu ukumbini. Kwetu mgeni hajitambulishi. Mzee wake ndiye anayemtambulisha, na akimtambulisha anampandisha kidogo. Hiyo si dhambi, ni heshima. Mimi ndiye mwenyekiti, nikapewa kipaza sauti. Wenzetu wa Houston walikuwa wametufunga mchana ule, na walikuwa wanatucheka mpaka na watoto wao. Nikasimama, nikamwonyesha Kipa kwa mkono.

"Leo mmefurahi," nikasema, "lakini mjue hatukuwatolea silaha yetu. Huyu mnayemwona pale mlangoni amedaka ligi kuu ya Uingereza. Amezuia mikwaju ya watu ambao watoto wenu wamewabandika ukutani."

Vigelegele. Wanawake wakapunga leso. Nilikuwa naanza kukaa nikaona Kipa ananyanyuka, anakuja taratibu na koti lake, ananyoosha ule mkono wa kuni kuomba kipaza sauti.

"Wazee wangu, samahani," akasema. "Mwenyekiti ananipenda, ndiyo maana ameongeza chumvi. Mimi nilikuwa daraja la nne, halafu la tano. Na sanasana nilikuwa nakaa."

Leso zikashuka. Mwenyekiti wa Houston ni Mkongomani mwenye sauti ya ngoma, hahitaji kipaza sauti.

"Ulikuwa unaikala wapi, ndugu?"

"Benchi, mzee."

"Basi mumuletee kiti ingine," akawaambia vijana wake, "huyu ni profesioneli."

Walicheka mpaka wengine wakashika meza. Kipa naye akacheka, akarudi mlangoni. Mimi wali ule ulinigeukia mchanga mdomoni. Nimefukuzwa na njaa, nimefukuzwa na vita, lakini sijawahi kufukuzwa na kicheko kama siku ile. Usiku wa kurudi nilijizuia mpaka tulipopita mji wa Huntsville.

"Ungeniacha tu," nikamwambia. "Nani angekwenda kuuliza?"

"Mzee, uongo ni kama kutoka golini kufuata krosi. Ukishatoka, umetoka. Huwezi kurudi nusu."

Nikaendesha. Nikawa najiuliza: mtu anayeweza kujivua nguo mbele ya ukumbi mzima namna hii, anaogopa nini milingoti miwili?

Jibu lilianza kuja kwa watoto. Wao wana simu, na kwenye simu hakuna kinachozikwa. Walimpata. Ni kipande kifupi cha video: Kipa akiwa kijana, ana nywele, amevaa jezi ya kijani, mvua inanyesha. Beki wake anamrudishia mpira, mpira mlegevu, mtoto angeuzuia. Kipa anainua kichwa kutazama atautuma wapi, na mpira unapita chini ya unyayo wake. Anageuka, anaufukuzia, anateleza, analala chini. Mpira unavuka mstari kwa kujivuta, kama bibi anayevuka barabara. Kuna mshenzi aliyeongezea mlio wa mbuzi.

Nilipowakuta wanagaragara kwenye nyasi kwa kucheka, nilitaka kuivunja ile simu. Kipa akanishika bega. Akakaa chini katikati yao, akaipokea simu, akasema, "Njooni vizuri muone. Haya, nimekosea wapi?"

Mjukuu wangu wa kike, mkaidi kama mimi, akamjibu kwa Kiingereza chao kwamba aliinua macho.

"Sawasawa. Niliangalia nitautuma wapi kabla sijaupata. Usigawe mpira ambao huna."

Basi ikawa somo. Kila msimu watoto wapya wakija, aliwaonyesha video ile kwa mkono wake mwenyewe, mbuzi akilia na yote. Mimi nilikuwa naangalia pembeni. Sikuweza kuzoea. Lakini kitu kimoja nilikiona: dole gumba lake lilikuwa linazima daima mahali pamoja, mpira ukigusa wavu tu. Hakuwahi kuiacha iishe.

Siku moja simu ilikuwa mkononi mwa mjukuu wangu, na yeye hakuzima. Picha ikaondoka golini ikahamia kwenye mlango wa wachezaji. Pale amesimama mwanamke wa makamo, Mzungu, ana aproni, mkono mmoja umekumbatia mataulo, wa pili umebana taulo moja mdomoni. Basi, hapo ndipo inapoishia. Kipa akaichukua simu, si kwa ukali, lakini akaichukua. Akaenda kukaa ndani ya gari langu la kazi. Mazoezi yakaisha bila filimbi.

"Babu, kocha analia?"

"Ana mzio wa nyasi," nikamwambia.

Aliniambia mwenyewe safari iliyofuata ya Houston, pale barabara ya 45 inaponyooka na hakuna cha kutazama ila ng'ombe. Sikumuuliza. Alianza tu.

"Yule ni mama wa jezi."

Alikuwa mfuaji wa klabu tangu kabla Kipa hajazaliwa. Kipa wa pili hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, kwa hiyo asubuhi nyingi pale uwanjani walikuwa wawili tu, yeye na mama yule na mashine zinazozunguka. Alimkaushia glavu juu ya bomba la maji ya moto. Alimfokea kwa matope. Akileta yai la kuchemsha anasema limezidi tu, na kila siku lilikuwa linazidi moja. Hakumwita jina hata siku moja. Alimwita "wewe mrefu."

Ile ya kwenye video ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Kipa wa kwanza aliumia, Mungu akamjibu sala ya uongo. Walihitaji sare tu. Kwa goli lile wakashuka daraja, na klabu ndogo ikishuka inapunguza watu.

"Wachezaji tulikuwa na mikataba, mzee. Mimi niliyefungwa nikabaki. Yeye aliyekuwa anafua akaondolewa."

Asubuhi moja alikuta chumba cha kufulia kimefungwa, na glavu zake zimening'inizwa kwenye kitasa, zimefuliwa, zimekauka. Mama yule aliishi mtaa wa pili kutoka uwanjani. Kipa hakwenda. Msimu mzima wa daraja la tano alikaa benchi tu, na kila siku alipita pale, hakwenda. Mwisho akahama mji, akaacha mpira, akamfuata mkewe aliyepata kazi ya uuguzi huku. "Nikisimama kati ya milingoti," alisema, "naona yale mataulo."

Nikamwambia neno ambalo mtu yeyote angemwambia: ni mpira tu.

"Kila mtu husema hivyo. Sasa wewe mzee, ukiacha maji kwenye sakafu ya mtu, akapita mama akavunjika nyonga, utamwambia ni maji tu?"

Nikapunguza mwendo. Hiyo ni kazi yangu, naijua.

Baadaye alihamia Stafford, huko huko kando ya Houston, na mkewe, nikabaki kumwona kiangazi kwa kiangazi. Mwaka huu akanipigia simu. Mjukuu wa yule mama alikuwa ameona mtandaoni picha za mashindano yetu, akamtambua kwa kile kidole. Akamwandikia: bibi yupo hai, hatoki tena nyumbani, na anataka kuongea na wewe. Kipa alikuwa ameukalia ujumbe ule majuma kadhaa, mpaka mkewe akamjibu yule mjukuu na kupanga siku ya simu.

"Mzee, njoo. Mimi siwezi kumwendea peke yangu."

Hakuhitaji kufafanua. Kwetu mwenye kosa haendi peke yake. Anatanguliwa na mzee. Mzee anabisha hodi, anasalimu, anauliza hali ya nyumba, anazunguka mbali, ndipo analikaribia neno. Mkosaji anakaa nyuma, kimya, macho chini, mpaka aitwe. Nikaona nimeheshimiwa. Jambo moja sikujiuliza, wala yeye hakujiuliza: huyo mama wa Uingereza, taratibu hizi anazijua?

Nikavaa suti yangu nyeusi. Nikashuka Stafford asubuhi. Njiani nikapitia duka la Wamexico nikachukua makreti mawili ya soda za chupa, kwa sababu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Mke wa Kipa alipoyaona alinitazama sana.

"Mzee, hizi atazinywaje?"

"Ataziona," nikasema.

Tukayapanga mezani, tukaegemeza simu kwenye kreti. Kipa naye alikuwa na suti. Akakaa pembeni kwenye kona ya friji, mahali simu haimfikii, kama inavyotakiwa. Huku saa sita mchana, kule kwake jioni.

Akatokea bibi mwembamba kwenye kiti, miwani imefungwa kamba shingoni. Mjukuu wake akamwekea simu vizuri, akamwambia ni wale wa Texas.

Kiingereza changu ni cha sakafu. Najua imelowa, najua usipite, najua nimemaliza. Lakini nilifanya kama inavyostahili. Nikamuuliza usingizi wake ukoje. Nikamuuliza nyumba yake, watoto wake, mvua yake. Alijibu, lakini kila jibu lilikuja polepole kuliko la kwanza, na macho yake yalikuwa yananipima suti. Ndipo nikasimama wima, maana neno halisemwi umekaa.

"Mama," nikasema, "mimi ni mzee wa yule mrefu. Nimekuja na moyo mzito. Alikuwa mtu mwema. Leo hawezi kusema mwenyewe."

Mkono ukampanda mdomoni. Ule ule, vile vile, kama kwenye video.

"Amekufa," akamwambia mjukuu wake.

Nilitaka kusema hapana. Kiingereza chote kikanikimbia, nikakamata neno lililokuwa karibu. Nikamwambia, "Bado."

Akaanza kulia. Mimi nimesimama na suti ya mazishi, makreti ya soda mbele yangu, jasho linaniteremka mgongoni, na kila nilipofungua mdomo kurekebisha nilizidi kuharibu. Yeye hakuwa ananisikiliza tena. Alikuwa anaongea na mjukuu wake.

"Nilimngoja yule mtoto. Nilijua atapita tu, ni mtaa wa pili. Nilikuwa naweka birika. Halafu namwona dirishani anapita kafunika kichwa kama mwizi. Kila siku anapita. Goli, hata paka angefungwa goli lile. Lakini kunipita mimi? Na sasa amekufa na sijamtukana."

Nilitamani sakafu inimeze. Niliona aibu ya mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mwingine anaoga, maana maneno yale hayakuwa yangu kuyasikia. Mwenyewe alikuwa pale kwenye friji, anayasikia yote.

Kipa akavunja mila. Hakungoja kuitwa. Akasimama, akaja mpaka mbele ya simu, akapiga magoti kwenye zulia ili uso wake uenee kwenye kioo.

Bibi akavua miwani, akaifuta kwa blauzi, akaivaa.

"Wewe mrefu," akasema. "Mbona umenenepa?"

Kisha akatutukana. Alianza na Kipa, akahamia kwa mjukuu wake, akamalizia na mimi. "Na huyu wa suti ni nani? Mwambie akae chini, karibu aniue." Nikakaa.

Kipa hakuzunguka. Alimwomba msamaha kwa maneno machache, tena kwa mpangilio: kwa goli, kwa kazi yake, kwa kupita dirishani. La mwisho hakulimaliza. Nilidhani bibi atasema lile neno la watu wote, kwamba ni mpira tu. Hakusema.

"Kazi niliipoteza, ndiyo," akasema. "Nililia, ndiyo. Nilikwenda kufua hotelini, nikaichukia hoteli ile kila siku mpaka magoti yaliponitoa. Sitakudanganya kwamba haikuwa kitu."

Nikamwona Kipa anashusha mabega. Miaka yote ile nilikuwa sijayaona yameshuka. Kumbe ndicho alichokuwa anakitafuta: mtu wa kukubali kwamba ilikuwa kitu.

"Haya," akasema bibi. "Huko unadaka wapi?"

"Sidaki, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Bibi akatikisa kichwa. "Basi zile glavu nilizifua bure."

Mke wa Kipa akageukia dirisha. Bibi akasogeza uso mpaka ukajaa kioo chote. "Hapo nje kuna nyasi?"

Ndivyo tulivyojikuta nyuma ya maghorofa anakokaa Kipa pale Stafford mchana wa jua kali, tumevaa suti. Mipira mimi huwa nayo ndani ya gari siku zote. Milingoti tukafanya yale makreti ya soda. Nikasema moyoni, basi yamepata kazi. Mke wa Kipa akashika simu juu ili bibi aone. Majirani wawili walitoka kibarazani kutazama, wakarudi kuita wengine.

Kipa akasimama kati ya makreti. Akachezesha mikono yake ya kuni, akaiangalia, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokiazima zamani. Nikaupiga wa kwanza, taratibu, kwa heshima. Akapiga goti nyuma ya mpira, akaukumbatia kifuani, akabaki ameuinamia. Nikaangalia pembeni.

"Huyo mzee anapiga kama mgonjwa," sauti ya simu ikasema.

Hapo aliniudhi. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, goti langu bovu likilalamika, nikaupiga kwa nguvu zangu zote. Viatu vya kanisani havikuumbiwa kazi hiyo. Mpira ukanitoka kwa pembeni ya kidole, ukadunda mara moja, ukampita katikati ya miguu. Tobo. Mbele ya majirani, mbele ya mkewe, mbele ya yule mama. Ukaenda unajiviringisha mpaka maegesho, ukaingia chini ya lori la mtu.

Damu ilinipanda usoni kwa niaba yake. Miaka yote ile kumsihi asimame, halafu nimfanyie hivi. Nikaanza kukimbia nikaulete, haraka, kabla mtu hajacheka.

"Wewe wa suti, simama hapo hapo," akasema bibi. "Aliyefungwa ndiye anayeokota."

Nikasimama. Nikamtazama Kipa. Kumbe sheria ile haikuwa yake, wala yangu.

Akatupa kisogo, akaenda taratibu, mabega yameshuka. Akafika kwenye lile lori, akapiga magoti kwenye lami na suruali yake ya suti, akaingiza mkono mpaka begani. Alikaa pale chini muda mrefu kuliko mpira unavyohitaji. Hakuna aliyemwita. Mkewe alikuwa ameinua simu, mimi nimeshika koti langu, na bibi kule kwake amesogea mbele kwenye kiti. Tukamngoja.